Alichotuachia Mjomba wa Redioni

Mjomba wangu alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa nyembamba na yenye mafua, sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani mara ya tatu bila kusikika. Ya redioni ilitoka chini kabisa, tumboni, na ilipoanza watu wazima waliacha kutafuna. Kila Alhamisi, taarifa ya mwisho ya habari ikiisha, alikuja hewani kutoka Nairobi na kuuliza swali lile lile: "Umefunga mlango?" Kisha alinyamaza kwa muda wa kutosha mtu kuinuka akaangalie. Nyumbani kwetu Awendo baba aliendesha trekta la kuvuta miwa, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu, lakini Alhamisi aliinuka kila wiki.

Kipindi kilikuwa cha wafu wanaorudi, nyumba zinazotupiwa mawe na mikono isiyoonekana, wanawake warembo wenye kwato wanaosimamisha magari barabarani. Wasikilizaji walimwandikia kutoka kila pembe ya nchi, naye akayasimulia mambo yao kana kwamba alikuwepo. Lakini hadithi zilizompa sifa ni zile za kwetu, za wajuok. Jajuok mchana ni mtu wa kawaida, jirani anayekuazima jembe. Usiku huvua nguo akakimbia vijijini, akarusha mawe juu ya mabati, akasugua makalio yake kwenye mlango wako. Wengi waliwacheka. Wengine waliamini kwamba wapo wajuok wanaoua. Mjomba hakutaja jina la mtu. Alisema tu "kijiji kimoja karibu na Kosele," nasi tulijivuna kwamba Kosele imetajwa redioni.

Kosele ndiko alikozaliwa mama yangu. Babu alikuwa na wake wawili. Wa kwanza alizaa wavulana wawili, mjomba mkubwa na huyu wa redio, naye akafa wakati huyu wa redio akiwa bado ananyonya. Mke wa pili alikuwa ndiyo kwanza amejifungua mama yangu, mtoto wake wa pekee, akampa yule yatima titi lililobaki. Mke huyo wa pili ndiye bibi yangu. Tulimwita dani, kama watoto wa Kijaluo wanavyowaita bibi zao.

Nilipomaliza kidato cha nne mama alinipeleka nikaishi naye. Babu alikuwa amekufa, na dani alibaki peke yake upande wa chini wa boma, katika nyumba ya udongo na nyasi iliyozungukwa na ua wa minyaa. Upande wa juu aliishi mjomba mkubwa na jamaa yake, katika nyumba ya mabati. Waliongea kidogo. Kwa kuwa dani hakuzaa mtoto wa kiume, shamba lake lilikuwa linasubiriwa, na yeye alilijua hilo, akalilima hadi mpakani kila msimu ili watu waone.

Alikuwa mfupi, mwenye miguu ya tege na ulimi mkali. Alivuta sigara kama wavutavyo vikongwe wengi wa kwetu, moto ukiwa ndani ya mdomo, na gizani mashavu yake yalionekana mekundu kwa ndani. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: ngapi, punguza, ongeza. Kwa hiyo Alhamisi nilikaa kando ya redio na kumtafsiria chini ya sauti ya mjomba.

Mara moja mjomba alisimulia habari za mwanamke wa karibu na Kosele anayekula moto. Hutembea mashambani, alisema, akiwa na kaa linalowaka mdomoni, na anayemkuta hafiki mavuno. Nilisita. Dani akanisukuma kwa kiwiko nitafsiri, na nilipomaliza alicheka hadi akakohoa. Akasema hadithi hiyo ni yake. Aliitunga zamani watoto walipokuwa wakimwibia njugu shambani, akamsimulia mjomba tangu akiwa mgongoni. Kilichomuudhi ni kwamba mjomba ameziondoa njugu. Bila njugu, alisema, hakuna hadithi, ni mwanamke tu anayezunguka na moto bila sababu.

Mwaka wa ile mvua kubwa iliyobomoa madaraja, kipindi kilianza kurudia kanda za zamani. Wasikilizaji hawakujua. Sisi tulijua kwa sababu hadithi tulikuwa tumeshazisikia. Kisha siku moja pikapu ilisimama kwenye matope mbele ya boma, na mjomba akashushwa. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzunguka bila kumgusa shingo. Mkewe alikuwa amefariki Nairobi mwaka uliotangulia. Mjomba mkubwa alimtazama akiwa kibarazani kwake, akasema nyumba yake imejaa.  Dani alimbeba mgonjwa mgongoni, mtu mzima wa miaka arobaini, akashuka naye hadi kwake.

Tulimwuguza kwa majuma mengi. Sauti zote mbili zilikuwa zimekwisha, amebaki na mnong'ono. Alasiri moja nilikuwa nimeshika karai, dani anamwosha miguu, naye akamshika mkono.

"Mama, nilipimwa," alisema. "Kinachoniua ndicho kilichomuua mke wangu. Usimwambie mtu."

Miaka ile ugonjwa huo haukuwa na jina nyumbani kwa mtu. Watu walisema amelala, amekonda, amerogwa. Dani aliendelea kuosha vidole vyake, kimoja kimoja.

"Sitasema," alijibu.

Hakusema, na mambo yote yaliyofuata yalipita katika ukimya huo.

Mazishi yake yalileta umati ambao Kosele haikuwahi kuuona. Watu walitoka Homa Bay, Migori, wengine Kehancha huko mpakani, watu ambao hawakumjua ila kwa masikio. Wengi walikuwa wamekunywa. Asubuhi vijana walifanya kama desturi ilivyotaka: waliwaswaga ng'ombe kwa kelele, mikuki na marungu mikononi, kukimbiza kifo kitoke bomani. Kwa kawaida hukimbia hadi mpakani mwa kijiji wakarudi wamechoka. Siku hiyo walirudi wakiwa wakali zaidi. Walikuwa wamekutana na kijana mmoja wa baiskeli aliyechelewa kuwapisha, wakamvunja mguu, na walikuja wakiliimba jambo hilo.

Jeneza lilipofika kaburini, mtu alipaza sauti kwamba ni jepesi mno. Mwingine akasema mjomba hayumo, kwamba mtu aliyewajua wafu vile hawezi kufa kama kuku. Katekista wa kanisa letu, jirani wa dani, kijana mpole aliyekuwa amefunga ndoa hivi karibuni, alijaribu kuendelea na sala. Walimsukuma akaangukia udongo uliochimbwa. Waliochukua jeneza walipigwa mateke hadi wakaliachia. Lilianguka upande, mfuniko ukafunguka, na mjomba akaonekana, mdogo kama mwanafunzi, ndani ya suti iliyokunjwa kwa nyuma na kubanwa kwa pini. Mwanamke mmoja aliyetoka mbali alianza kulia, akasema kwa Kiswahili, "Ni huyu tu?" Wenye marungu walirudi nyuma, wakiwa na hasira ya watu waliodanganywa.

Hapo ndipo mjomba mkubwa alipochukua nafasi ya kuongea. Hakuwa msemaji. Akiangalia chini, alisema ndugu yake alifichua mambo ya watu wa usiku kwa miaka, na watu wa usiku hawasamehe. Akasema kila mmoja aliyesikiliza redio anajua ni hadithi gani ilikuwa ya mwisho kabla hajaugua. Akasema aliyemuua amemlisha na kumwosha hadi pumzi ya mwisho.

Hakumtaja. Hakuhitaji. Vichwa viligeuka mahali dani alipokuwa amekaa chini, miguu ameinyosha, leso nyeusi kichwani. Mama yangu alisimama mbele yake kama ukuta. Dani alikuwa na neno moja ambalo lingewanyamazisha wote, na nilimwona akilitafuna. Akalimeza.

Hakuna aliyemgusa siku hiyo. Lakini tangu hapo maji tuliyoyachota mtoni yalimwagwa njiani, na sokoni wanawake waliinua bidhaa zao dani alipopita ili kivuli chake kisizifikie. Kinyozi wa Kosele alikuwa amerekodi kipindi kile cha mwanamke wa moto. Alikicheza mchana kutwa kwenye spika iliyotundikwa nje, na watu walinyolewa wakisikiliza. Wavulana walijua maneno yote. Waliyaiga hata mapumziko ya mjomba, hata kicheko chake cha mwisho. Mjomba alipokuwa hai kipindi kilikuwa cha saa moja kwa wiki. Alipokufa kilikuwa hakikatiki.

Mvua ilipoisha mbu walikuja kwa wingi kuliko tulivyozoea, na watoto wakaanza kufa kwa malaria. Kituo cha afya kilikuwa ng'ambo ya mto ambao daraja lake lilikuwa limechukuliwa. Katika boma letu alikufa kwanza mjukuu wa mjomba mkubwa, na kabla hatujamaliza matanga akafuata kitinda mimba wake, msichana aliyekuwa akija kwa dani kwa siri kula njugu. Nilikwenda kulia na wafiwa. Mjomba mkubwa alikuwa amekaa sakafuni, kiatu kidogo mkononi. Aliponiona hakunifukuza, ila aliuliza, kwa upole ulionitisha kuliko matusi, kama dani bado anatoka usiku.

Walikuja siku ya soko, jua likiwa juu. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukibambua njugu. Mbwa wetu alinguruma, kisha akalia mara moja tu, na kijana akatokea kwenye pengo la ua akifuta panga lake kwenye majani. Nyuma yake walijaa. Niliwajua karibu wote. Alikuwepo kinyozi, alikuwepo mwanamke aliyetuuzia omena, dagaa wa ziwani, walikuwepo vijana wawili ambao nilikaa nao benchi moja kanisani. Mjomba mkubwa alisimama nyuma kabisa, mikono mitupu, akilia.

Nilimvuta dani ndani na kusukuma mlango, nikaweka kinu nyuma yake. Mawe yalianza kupiga kuta. Udongo ulidondoka kwa vipande na mwanga ukaingia pale vilipotoka. Kisha kelele zikapungua, na sauti moja, sauti nzito iliyotoka tumboni, ikauliza kwa Kiswahili kutoka upande wa pili wa mbao:

"Umefunga mlango, mama?"

Walicheka. Dani hakuelewa kwa nini wanacheka. Alinishika bega na kuniuliza ni nani huyo anayeongea kama mtoto wake.

Jiwe lililonipata lilipitia dirishani. Sikusikia maumivu mara ile, nilisikia tu kitu kama changarawe mdomoni, na nilipotema mkononi nikaona meno mawili. Nyasi za paa zilikuwa zimeanza kuwaka upande wa jikoni. Moshi ulishuka haraka, mweusi na mzito. Niliondoa kinu kwa kuwa ndani hapakukalika tena, na tukatoka tukiinama. Rungu la kwanza lilimpata dani kwenye mkono alioinua kujikinga kichwa. Nilisikia mfupa ukikatika. Alianguka kwa magoti. Mwanamke wa omena alimrukia, akamvuta leso na nywele, akimwuliza kwa kelele mtoto wake alimkosea nini.

Nililala juu ya dani. Sikuwaza kitu, ni mwili uliofanya. Walinipiga mgongoni na mapajani kwa fimbo na bapa za mapanga, na mtu mmoja alikuwa akinivuta mguu ili nitoke, akiniita dada, akiniomba nitoke, huku mwingine akinipiga. Nilibana macho. Nilisikia harufu ya sabuni katika nguo ya dani na nikaishikilia harufu hiyo.

Kisha mapigo yakaacha. Katekista alikuwa amepita ua wa minyaa mahali pasipo njia, utomvu mweupe umemtapakaa usoni na jicho moja limefumba. Alisimama juu yetu. Hakuwa na kitu mkononi. Aliwaita kwa majina ya ubatizo, mmoja baada ya mwingine, majina ambayo mwenyewe aliyaandika kanisani, na waliotajwa walishusha mikono. Nadhani wangeondoka. Wengine walikuwa wameshageuka. Lakini yule kijana aliyemuua mbwa hakuwa wa kanisa letu, na hakuitwa. Alimkata katekista mara mbili, shingoni na juu ya sikio, kwa mkono wa mtu aliyezoea kukata miwa.

Katekista alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka. Akaweka mkono wake mgongoni mwangu ajiegemeze. Nilihisi uzito wake, na joto lililonishukia ubavuni.

 Watu waliangalia, na kitu walichokuja nacho kikawatoka, ukakiona kikitoka. Kinyozi alidondosha rungu. Mwanamke wa omena alifunga nywele zake zilizokuwa zimefunguka, akaondoka akitembea, na wengine wakamfuata, kwanza wakitembea kisha wakikimbia. Nyumba iliendelea kuungua. Aliyebaki ni mjomba mkubwa. Alileta mkokoteni wake mwenyewe, akampakia katekista juu yake, akausukuma hadi barabarani bila kuniangalia. Mke wa katekista alimkuta njiani. Alikuwa na mimba. Mumewe alikuwa ameshakufa, lakini mjomba mkubwa aliendelea kusukuma, na mwanamke huyo akakimbia kando akishikilia mkono ulioning'inia, hadi mtu alipowasimamisha.

Askari walikuja jioni, wakawakamata waliowakuta. Mama na baba walifika na lori la miwa kutoka Awendo, wakatupakia mimi na dani chini ya turubai. Awendo hapakuwa mbali vya kutosha, kanda ilichezwa huko pia. Rafiki wa pekee wa dani aliyeishi mahali ambapo Mjaluo hatafutwi alikuwa mama mmoja Mkuria wa Kehancha, aliyemuuzia tumbaku sokoni kwa miaka. Watu wetu na watu wake walikuwa wakiibiana ng'ombe na kuuana kwa ajili hiyo. Mama huyo aliutazama mkono wa dani na mdomo wangu, akauliza kwa Kiswahili chake kilichovunjika kama tumekula.

Tulikaa kwake karibu miaka miwili. Dani na mwenyeji wake waliongea kwa maneno machache waliyokuwa nayo pamoja, ngapi, ongeza, keti, lala, na nilistaajabu jinsi yalivyowatosha. Mkono uliunga vibaya. Alijifunza kutunga majani ya tumbaku kwenye uzi kwa mkono mmoja na meno. Mimi nilikuwa na hasira iliyoninyima usingizi, na hasira yangu haikuwa kwa mjomba mkubwa. Ilikuwa kwa yule aliyelala kaburini. Nilimwambia dani siku moja, tukiwa chini ya banda la kukaushia, kwamba mjomba alimuuza. Alichukua hadithi ya mama aliyemnyonyesha, akampa kila mlevi mwenye redio.

Dani aliendelea kutunga majani. Akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Mwizi wa njugu hakuwa mtoto wa jirani. Alikuwa mjomba mkubwa, akiwa na miaka kama kumi, muda mfupi baada ya kufiwa na mama yake. Dani alimvizia shambani jioni moja, akamtokea kwenye mashina ya mahindi akiwa na sigara mdomoni, akapuliza. Mtoto alijikojolea, akakimbia kupitia miiba, akaumwa homa kwa wiki. Na dani, badala ya kumwambia ukweli, aliifanya hadithi. Aliisimulia boma zima mbele yake, mwaka baada ya mwaka, na watu wakacheka, na mdogo wake akacheka kuliko wote.

"Aliona moto kweli," dani alisema. "Hakuna aliyemwambia ni sigara."

Kesi ilisikilizwa Homa Bay. Nilitoa ushahidi nikiwa bado napata taabu kutamka baadhi ya maneno. Wakili wa washtakiwa aliuliza kama si kweli kwamba marehemu mtangazaji alirogwa. Dani alikuwa amekaa nyuma yangu. Niligeuka, naye akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kunikataza kuitoa siri. Mama yangu aliyekuwa kando yake, aliyekuwa amekisia mwenyewe tangu zamani, ndiye aliyesimama bila kuitwa, akalitaja jina la ugonjwa uliomuua ndugu yake wa kunyonya, kwa sauti kubwa, mara mbili. Aliamriwa kukaa.  Mjomba mkubwa, aliyekuwa miongoni mwa watu waliokuja kusikiliza, alifunika uso kwa kofia.

Yule kijana aliyekata alifungwa. Wengine waliachiliwa kwa kuwa hakuna shahidi mwingine aliyetaka kumtaja jirani yake.

Dani aliamua kurudi. Mama alimsihi akae Awendo, na baba akaahidi kumjengea chumba, lakini alisema shamba lake litaota miti. Tulirudi naye mwanzo wa msimu wa kupanda. Mjomba mkubwa alikuwa amepalilia shamba lote, na mahali pa nyumba palikuwa pamefagiliwa, majivu yote yametolewa. Yeye mwenyewe hakuonekana kwa siku kadhaa. Alituma vijana wa kutujengea. Nilisubiri waje waombe msamaha, yeye au mtu yeyote, na hakuna aliyekuja. Walikuja na miti, kamba na nyasi. Mwanamke wa omena alileta maji ya kukandia udongo, akayamwaga mahali palipohitajika, akaenda zake.

Aliyekuja kwa maneno alikuwa mjane wa katekista. Alikuja asubuhi kumekucha, mtoto mgongoni, na hakuketi alipokaribishwa. Kwa miaka miwili, alisema, watu walikuwa wakimsimulia kifo cha mumewe. Wengine walisema aliona malaika. Wengine walisema moto ulizimika alipoomba. Kijana mmoja wa pale sokoni alikuwa akiisimulia kwa sauti ya redio, na watu walikusanyika kusikiliza.

"Nyinyi ndio mliokuwa chini yake," alisema. "Niambieni mlichokiona, na msiongeze kitu."

Nilimwangalia dani. Katika maisha yangu sikuwa nimemsikia akisimulia jambo bila kuongeza kitu. Aliuweka ule mkono uliopinda juu ya paja, akaanza. Alisema mumewe alipitia kwenye minyaa na alikuwa akifikicha jicho. Alisema aliwaita watu majina. Alisema hakuomba, au kama aliomba hakusikika. Alisema alikatwa mara mbili, na kwamba baada ya hapo aliuliza kama mtoto wetu huyu, yaani mimi, ni mzima. Nilikuwa nimelisahau hilo. Dani alisema hakumjibu kwa kuwa pumzi ilikuwa imembana, na hajui kama alikufa akijua.

Mjane aliuliza kama alilia. Dani alisema hapana, ila aliogopa, kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na mtetemeko huo uliupita mwili wangu ukamfikia yeye chini.

 Mtoto aliamka, akaanza kuhangaika mgongoni, na mjane akamhamishia kifuani na kumnyonyesha akiwa amesimama vile vile, akiangalia mahali palipokuwa na mlango wa zamani. Kisha akavuta kigoda, akaketi, na kumwambia dani aanze tena, tangu pale mumewe alipotokea kwenye ua.